Betri ya mtumbwini: itakayodumu ni ipi?

Zamani ukifika kwenye mwalo wa dagaa jioni ulikuwa unapokewa na harufu ya mafuta ya taa na mlio wa karabai zinazopigwa pampu. Siku hizi mialo mingi ya Ziwa Victoria imebadilika. Wavuvi wanabeba betri. Taa ndogo za umeme, zile zinazokula umeme kidogo huku mwanga wake ni mkali, zimechukua nafasi ya karabai. Tena wapo walioanza kufunga mashine ndogo ya umeme nyuma ya mtumbwi, ya kusogea polepole wakati wa kurambaza, yaani kuburuza mshipi huku chombo kinakwenda, au ya kuzunguka ghubani bila kuchoma petroli. Upande wa Kenya mashine za umeme zimeanza kukodishwa kwa wavuvi katika miaka hii ya 2020.

Hayo ni maendeleo. Lakini malalamiko tunayoyasikia ni yale yale: "Betri haidumu." Mtu anauza mbuzi, ananunua betri, na baada ya miezi mitatu taa zinafifia saa nane za usiku, dagaa ndiyo kwanza wanajaa chini ya mwanga. Analipa vibarua, anarudi na ndoo moja. Wengine wanasema ati betri zote za siku hizi ni bandia. Bandia zipo, hatukatai. Lakini mara nyingi betri yenyewe ni nzima kabisa, ila imepewa kazi isiyo yake. Basi katika toleo hili tutaeleza jinsi ya kuchagua betri ya mtumbwini, iwe ya taa au ya mashine, na jinsi ya kuitunza.

Mkimbiaji na mpagazi

Betri tunayoijua wengi wetu, ile nzito yenye tindikali, ni kitu cha zamani. Aliyeitengeneza kwanza ni Mfaransa aitwaye Gaston Planté, mwaka 1859. Mpaka leo mambo yake ni yale yale: mabamba ya risasi yamezamishwa ndani ya tindikali. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Taa ikiwaka, tindikali inaungana na risasi, na juu ya bamba unajengeka utando mweupe. Ukichaji, utando unayeyuka, tindikali inarudi kwenye maji yake. Ndiyo maana betri inaweza kutumika tena na tena.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye siri. Ukiiacha betri imeisha, siku moja, siku tatu, wiki, ule utando unakuwa mgumu. Unashika kama ukoko wa ugali chini ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Hata uchaji namna gani, haubanduki wote. Sehemu ile ya bamba imekufa. Betri inabaki nusu ya betri, ingawa kwa nje inang'aa na karatasi yake bado mpya.

Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja: kuwasha injini. Inatoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache, halafu injini yenyewe inauruhusu umeme urudi. Haiishi hata siku moja, ikiwa gari ni zima. Kwa hiyo mabamba yake ni mengi na membamba, ili umeme mwingi utoke kwa mara moja. Betri ya kazi ndefu, ambayo madukani huitwa betri ya sola au "dipu saiko", ina mabamba mazito. Haiwezi kutoa umeme mwingi kwa ghafla kama ile ya gari, lakini inatoa kidogo kidogo usiku kucha, inashuka, inachajiwa, inashuka tena, bila mabamba yake kumomonyoka upesi.

Ya kwanza ni mkimbiaji wa mita 100. Ya pili ni mpagazi. Ukimtwisha mkimbiaji gunia la mahindi kutoka Sengerema kwenda Geita, usimlaumu akianguka njiani.

Je, utazitambuaje dukani? Soma karatasi iliyobandikwa. Betri ya gari huandikwa herufi CCA na namba kubwa, kwa mfano 500 au 600. Hiyo ni nguvu ya kuwasha injini, na wewe mwenye taa za dagaa haikuhusu kitu. Tafuta herufi Ah, na uulize kama ni ya kazi ndefu. Picha ya nanga au ya boti kwenye karatasi isikudanganye. Mara nyingi betri yenye picha hiyo ni ya kazi mbili, yaani mkimbiaji aliyejifunza kubeba mzigo mdogo. Ni afadhali kuliko ya gari, lakini si mpagazi kamili.

Halafu inyanyue. Tunasema kweli, inyanyue kwa mikono yako. Betri ya risasi ya 100 Ah huwa na kilo 25 hadi 30. Ukiambiwa ni 100 Ah nawe unaiinua kama debe tupu, ujue risasi ndani ni chache, na herufi zilizoandikwa nje ni mapambo.

Hebu tupige hesabu

Usianze na betri. Anza na kazi. Chukua kalamu.

Tuseme mtumbwi wako una taa 6, kila moja wati 10. Jumla ni wati 60. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 5. Hizo ndizo zinazotoka kwenye betri kila saa. Ukivua saa 8, zidisha: 5 mara 8 ni 40. Kwa hiyo usiku mmoja unakula Ah 40.

Basi nikanunue betri ya 40? Hapana. Betri ya tindikali ikitaka kudumu isishushwe chini ya nusu. Ukila 40, betri yako iwe 80 angalau. Madukani utapata 100, chukua hiyo. Itakuachia na akiba ya usiku ambao upepo umekuchelewesha kurudi.

Mashine ya umeme ni mlaji mwingine kabisa. Mashine ndogo ya volti 12 ikizungushwa mpaka mwisho hula ampia 30, na iliyo kubwa kidogo hufika 50. Ukigawanya 100 kwa 30 utadhani utakwenda saa 3 na dakika 20. Usidanganyike. Ile namba 100 iliyoandikwa kwenye betri huwa imepimwa kwa kutoa umeme polepole, ampia 5 kwa saa 20. Ukiikamua haraka inatoa kidogo zaidi, kama ng'ombe aliyekamuliwa kwa papara. Ukikumbuka pia kwamba unatakiwa kuishia nusu, basi betri ya 100 kwa mwendo wa mwisho itakupa kama saa moja na kitu, tena kwa shida.

Lakini kuna habari njema. Mashine ya umeme ukiipunguza mwendo, ulaji unashuka sana kuliko mwendo wenyewe. Maji ni mazito. Kuongeza mwendo kidogo kunataka nguvu nyingi. Anayekwenda polepole kwa kurambaza anaweza kukaa majini saa nyingi kwa betri ile ile iliyomwishia mwenzake mwenye haraka. Kwa hiyo sisi tunaona mashine hizi zinafaa ghubani na karibu na mwalo. Za kuvukia kwenda visiwani wakati wa upepo, na betri moja tu, hapana. Na hata ukiwa nayo, kafi mbili zisitoke mtumbwini.

Jambo moja watu hulisahau ni waya. Mtu ananunua betri nzuri halafu anaiunganisha kwa waya mwembamba wa redio. Kwa taa chache si neno. Kwa mashine ya ampia 30, waya wa milimita mbili na nusu wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi unameza zaidi ya volti moja njiani, unapata moto, na mashine inalegea. Mwenye mashine anasema betri imekufa, kumbe waya. Tumia waya mnene, wa milimita 10 au zaidi, na ufunge fyuzi karibu na kichwa cha chanya cha betri. Waya zikigusana bila fyuzi, mtumbwi wa mbao unaweza kuwaka katikati ya maji.

Ya maji, kavu, au lithiamu?

Betri za tindikali ziko za namna mbili kubwa. Kuna ya maji, yenye vifuniko 6 juu, ambayo unaweza kuifungua na kuongeza maji. Na kuna iliyofungwa, ambayo watu huiita betri kavu, ingawa ndani yake tindikali ipo, imenyonywa na pamba maalumu au imegandishwa kama uji mzito. Iliyofungwa haimwagiki mtumbwi ukiyumba, na hiyo ni faida kubwa kwa mvuvi. Ubaya wake ni kwamba ikichajiwa kwa nguvu kupita kiasi inakauka, na huwezi kuirudishia maji. Ya maji huwa rahisi kwa bei na husamehe makosa, mradi mwenyewe ni mtu wa kuikagua. Kama unajijua wewe ni msahaulifu, bwana, nunua iliyofungwa.

Aina ya tatu ni lithiamu. Kwa mtumbwi inafaa ile iitwayo lithiamu ya chuma na fosfeti. Ya 100 Ah ina kilo 11 hadi 13 tu, chini ya nusu ya ile ya risasi. Unaweza kuitumia karibu yote, si nusu, kwa hiyo 100 yake ni sawa na karibu 200 ya risasi. Ikitunzwa huchajiwa na kushushwa zaidi ya mara 2,000. Ndani yake kuna kifaa kinachoilinda: ikikaribia kuisha inajikata yenyewe. Hapo uwe macho, maana haifishi taa polepole ili kukuonya. Inazima mara moja, pu, giza. Tena inataka chaja au kontrola ya sola iliyotengenezwa kwa ajili yake. Na wauzaji wengine hukusanya vipande vya betri za kompyuta zilizochoka, wakavifunga ndani ya boksi jipya. Bila dhamana ya maandishi, usitoe fedha.

Watu huogopa bei. Hebu tuilinganishe kwa mfano. Bei hizi tumezitunga ili hesabu iwe rahisi, wewe weka za dukani kwako. Tuseme betri ya gari ni shilingi 150,000, na kwa kazi ya taa inakufa baada ya usiku 60. Kila usiku umelipa shilingi 2,500. Tuseme ya kazi ndefu ni 300,000 nayo inavumilia usiku 500. Kila usiku ni shilingi 600. Tuseme lithiamu ni 900,000 nayo inafika usiku 2,000. Kila usiku ni 450. Aliyenunua ya rahisi ndiye aliyelipa nyingi. Lakini laki tisa kwa mkupuo si mchezo, tunajua, na betri huibwa mialoni. Kwa wengi wetu ya kazi ndefu ndiyo inayowezekana leo. Lithiamu ni ya kikundi chenye akiba na mahali pa kufungia.

Dukani, kabla hujalipa

Nenda na fundi, au azima mita ya kupimia umeme. Betri ya tindikali iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikisoma 11.8 imeisha. Betri mpya ya dukani ikikupa chini ya 12.4, imekaa stoo muda mrefu bila kuchajiwa, na ule ukoko tuliousema umeshaanza. Iache. Uliza pia tarehe ya kutengenezwa. Fundi mzuri anajua kuisoma. Angalia kama vichwa vimekwaruzwa na klipu: hiyo imeshatumiwa.

Ukifika nyumbani, ijaribu mapema dhamana ikiwa bado changa. Ichaji ijae. Washa taa zako za ampia 5 kwa saa 10, kisha zima, iache ipumzike saa kadhaa, upime. Betri ya kweli ya 100 inapaswa kubaki karibu na nusu. Ikiwa imeshuka chini ya volti 12 kabisa, irudishe pamoja na risiti.

Utunzaji

Kanuni ya kwanza inapita zote: ukirudi asubuhi, betri iende kuchajiwa asubuhi hiyo hiyo. Si kesho. Wakati wa mbalamwezi, ambapo dagaa hawavuliwi, betri nyingi huachwa zimelala tupu kwa wiki nzima kona ya nyumba. Ndiyo siku zinazoziua, siyo siku za kazi. Ichaji ijae kabla ya mapumziko, na uiongeze tena kabla ya kurudi ziwani.

Kanuni ya pili: ijae kweli. Kwa mwenye kituo cha kuchaji, betri iliyotolewa mapema ni nafasi ya mteja mwingine. Kwa hiyo nenda na mita yako. Kama unachaji kwa sola, fanya hesabu: Ah 40 kwa volti 12 ni wati-saa 480, na kwa kuwa nyingine hupotea njiani, weka 600. Kanda ya Ziwa jua kali tunaweza kulihesabu kama saa 5 kwa siku. 600 gawanya kwa 5 ni wati 120. Vumbi na joto hupunguza, basi nunua paneli ya wati 150. Paneli ya wati 50 itachaji, ndiyo, lakini kila siku utairudishia betri chini ya ulichokula, mpaka itakufa.

Betri ya maji ikaguliwe kila wiki mbili. Mabamba yasionekane juu ya maji. Ongeza maji yaliyotoneshwa tu. Maji ya ziwa yana chumvichumvi na uchafu unaoharibu mabamba. Na hapa pana mtego: madukani zipo chupa mbili zinazofanana, moja ya maji safi ya betri na moja ya tindikali. Kinachopotea kwenye betri ni maji, tindikali haiendi popote. Anayeongeza tindikali anadhani anaitia nguvu, kumbe anayala mabamba yake mwenyewe. Soma karatasi ya chupa, kusoma tunajua.

Joto ni adui mwingine. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha ya betri karibu nusu. Usiiache juani mchana juu ya mawe ya mwaloni. Mtumbwini iwekwe ndani ya sanduku la mbao au plastiki lenye matundu, katikati na chini, juu ya vibao ili maji ya ndani yasiifikie, nayo ifungwe kwa kamba. Ndugu zetu wa pwani wawe waangalifu zaidi: maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya tindikali hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Hatari nyingine ni moto. Betri ikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo usichaji ndani ya chumba cha kulala, usivute sigara karibu, na usiweke dumu la petroli kando yake. Tindikali ikikurukia mwilini, mwagia maji mengi. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali mara moja. Iliyomwagika sakafuni imwagie magadi mpaka iache kutoa mapovu.

Betri iliyokufa

Hapa tunasema kwa uchungu. Mialoni wapo wanaopasua betri iliyokufa, wakamwaga tindikali mchangani, wakayeyusha risasi kwenye sufuria ili wapate chubwi za nyavu. Pengine ni sufuria ile ile itakayorudi jikoni. Risasi ni sumu. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa mikono isiyonawa. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama, na mtoto huumia kuliko mtu mzima: damu inapungua, tumbo linauma, masomo hayaingii, na ikizidi anapata degedege na kufa. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya risasi ya betri kuukuu iliyokuwa ikichambuliwa mitaani kwao. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaupitisha uamuzi huo.

Chubwi zinaweza kuwa za mawe au za udongo uliochomwa, kama walivyofanya wazee. Na betri yako iliyokufa bado ni mali. Maduka mengi ya betri hununua mzoga kwa kilo, au hukupunguzia bei ya mpya. Ipeleke nzima, imesimama wima, na tindikali yake ndani. Na usiipakie pamoja na magunia ya chakula.